Mizinga Ilitazama Bahari, Bandari Ikaponyoka kwa Nyuma

Uganda haina pwani, lakini sehemu kubwa ya shehena tunayoagiza kutoka ng'ambo hushushwa Mombasa, na nyingine Dar es Salaam. Ndiyo maana mjadala kuhusu haki za nchi isiyo na bahari haufi Kampala. Huibuka bungeni, huibuka redioni, huibuka kijiweni kila bei ya petroli inapopanda. Siku hizi ndani ya mjadala huo kuna kauli inayonitia wasiwasi: kwamba bandari ni mlango wetu, na mwenye mlango lazima awe tayari kuulinda kwa silaha. Wanaosema hivyo wanaichukulia bandari kama kitu unachoweza kukizungushia ukuta, ukakiwekea mizinga, kikawa salama.

Wapo waliowahi kujaribu. Walikuwa na pwani, fedha, manowari na wahandisi bora wa zama zao, wakajenga ngome za kulinda bandari za makoloni yao kuanzia Mombasa hadi Singapore. Historia hiyo nimeisoma kwa jicho la mtu wa bara anayesubiri mzigo wake uvuke Malaba. Swali langu ni moja: adui alipokuja, bandari ilibaki mikononi mwa waliojenga ngome? Mara nyingi haikubaki, na sababu haikuwa ubovu wa ukuta.

Tuanze na Mombasa. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Hofu iliyowasukuma ilikuwa na jina: Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyeshuka pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580 akiwaita watu wa miji ya Waswahili waungane naye dhidi ya Ureno, hadi alipokamatwa Mombasa mwaka 1589 na meli zilizotoka Goa, makao makuu ya Wareno nchini India. Mchoro wa ngome ulifanywa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano aliyekuwa akiwatumikia Wareno nchini India. Eneo lililochaguliwa ni mwamba wa matumbawe unaotazama njia ya meli kuingia bandari ya zamani, na juu yake zikapandishwa kuta nene zenye buruji nne pembeni.

Ukuta ulikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo, maana ni rahisi kudhani kwamba ngome ilishindwa kwa sababu mafundi walikosea. Hawakukosea. Upande wa nchi kavu ulichimbiwa handaki, mwamba wenyewe ulichongwa ukawa sehemu ya ukuta, na leo, zaidi ya miaka 400 baadaye, mgeni bado anatembea juu ya kuta zile. Matatizo yalianza pale kazi ya mwashi ilipoishia.

La kwanza lilikuwa maji. Kisima cha ndani ya ngome kilitoa maji ya chumvi yasiyofaa kunywa, kwa hiyo walinzi walitegemea birika la kuvunia mvua. Ngome inayotakiwa kuvumilia mzingiro wa miezi mingi ikawa inaishi kwa huruma ya masika. La pili lilikuwa watu. Askari wa Kireno hawakuwahi kuwa wengi, na homa za pwani ziliwamaliza haraka kuliko risasi. Wa kujaza nafasi zao walitoka Goa, upande wa pili wa Bahari ya Hindi, kwa meli za matanga zilizofuata upepo. Msimu wa kaskazi ukipita bila meli kuonekana, msaada ulikuwa wa kungojewa hadi msimu mwingine. Adui aliyetoka Oman aliijua kalenda hiyo ya upepo sawasawa na kamanda wa Mombasa, kwa kuwa na yeye alisafiri kwa upepo huohuo.

La tatu ndilo naliona zito kuliko yote. Ukapteni wa ngome ulikuwa cheo cha miaka michache, hutolewa kama malipo ya utumishi, na aliyekipata alikuwa na haraka ya kujitajirisha kabla ya muda wake kwisha. Wafanyabiashara wa mji wakabanwa, na sultani aliyekuwa rafiki wa Ureno akageuzwa mshindani. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, aliyekuwa amekimbilia bara, aliuawa kwa njama iliyotoka ngomeni. Mwanawe Yusuf alichukuliwa akiwa mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa awe mtawala mtiifu. Agosti 1631 aliingia ngomeni kama mtu anayefahamika, akamchoma kapteni kwa jambia, na watu wake wakaitwaa ngome yote. Hapakuhitajika meli wala mzinga. Yale mawe yote yaliyopangwa kumzuia Mturuki hayakuwa na kazi mbele ya kijana ambaye Wareno wenyewe walimfungulia lango.

Kilichofuata kinaeleza zaidi. Goa ilituma jeshi mapema mwaka 1632 kuikomboa ngome. Likapiga mizinga, likajaribu kuingia, likashindwa, likarudi lilikotoka. Kuta za Cairati ziliwazuia Wareno kwa uimara uleule zilioandaliwa kumzuia adui wao. Waliipata tena mwaka huo kwa sababu tu Yusuf aliamua kuondoka mwenyewe, wakaikuta tupu.

Halafu ukaja mzingiro mkubwa. Machi 1696 majeshi ya Oman yalishuka Mombasa, na ndani ya ngome walijifungia Wareno makumi machache pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, wengi wao wanawake na watoto. Maradhi yakaingia. Meli za msaada zilifika, nyingine zikafanikiwa kushusha watu na chakula, lakini waliokuwa wakishushwa nao walianguka kwa ugonjwa uleule. Manowari Santo António de Tanná ilizama chini kabisa ya ukuta mwaka 1697, na mabaki yake yakaja kuchunguzwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1970. Ilipofika mwisho wa Agosti 1697, Wareno walikuwa wamekufa karibu wote. Kwa muda wa majuma kadhaa, ngome ya mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Sheikh Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, akiwa na jamaa zake 17, wanaume 8 wa Kiafrika na wanawake 50 wa Kiafrika, mpaka msaada mwingine ulipofika.

Naomba msomaji akae kidogo na hesabu hiyo. Dola iliyotawala njia za bahari kutoka Brazili hadi Macau, imetumia fedha na wahandisi wake kujenga ngome, na siku ya shida ngome hiyo inasimama kwa sababu sheikh mmoja wa kisiwa cha Pate na wanawake hamsini hawakuondoka ukutani. Jina la sheikh tunalo, majina ya wanawake hatukuachiwa. Katika michoro yote ya buruji na mizinga, hakuna aliyewahi kuwahesabu kama sehemu ya ulinzi wa bandari. Walikuwa ndio ulinzi wenyewe.

Waomani waliingia tarehe 13 Desemba 1698, baada ya karibu miezi 33. Ndani walimkuta kamanda, askari tisa na padri mmoja. Siku chache baadaye meli nyingine za Goa zilitokea kwenye upeo wa bahari, zikaona bendera iliyopepea juu ya buruji, zikageuza.

Wenyewe wapya hawakupona ugonjwa wa wenyewe wa zamani. Mwaka 1728 askari wa Kiafrika waliokuwa wakiilinda ngome kwa niaba ya Oman waliasi, Wareno wakarudi, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawafukuza. Januari 1875 aliyekuwa akiishikilia ngome alimwasi Sultani Barghash wa Zanzibar, na manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga kwa makombora mpaka akasalimu amri. Kufikia mwaka 1895 Waingereza walikuwa wameigeuza kuwa gereza. Zama za kuta za mawe kukabili mizinga mipya zilikuwa zimekwisha.

Mwaka huohuo wa 1875 kulikuwa na jaribio jingine ambalo sisi wa Uganda hulisahau. Khedive Ismail wa Misri, ambaye watu wake walikuwa wakipanda mto Nile kuelekea Buganda na Bunyoro, alishauriwa na Charles Gordon, ofisa wa Kiingereza aliyemtumikia, kwamba njia nafuu ya kufika kwenye maziwa makuu ni kutoka pwani ya mashariki. Akatuma meli chini ya McKillop Pasha, zikaikamata Kismayu, bandari ya Somalia ya leo iliyokuwa chini ya Zanzibar. Zanzibar ikalalamika kwa Uingereza, Uingereza ikambana Khedive, na baada ya miezi michache meli zikarudi. Kwa hiyo wazo la kuunganisha nchi ya maziwa na bahari kwa nguvu ya silaha lina umri wa miaka 150, na lilivunjika mara ya kwanza kabla halijavuka hata mto Tana.

Waingereza walipokuja na mpango wao hawakuanza na ukuta. Bahari waliiona kuwa ni yao, kwa hiyo fedha waliziweka kwenye reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 vyuma vikafika ziwani, zaidi ya kilomita 900 kutoka pwani. Iliitwa Reli ya Uganda, na jina hilo halikuwa kosa: Kisumu ilihesabiwa ndani ya himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka ulipohamishwa na jimbo lile la mashariki likapewa himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Tangu siku hizo pamba, ngozi na kahawa ya Uganda vilining'inia kwenye uzi mmoja wa chuma.

Na uzi huo ulipita karibu na mpaka wa Wajerumani. Agosti 1914, vita vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yaliikamata Taveta na kukaa hapo hadi Machi 1916. Kutoka upande huo vikundi vidogo vya askari vilivuka nyika isiyo na maji, vikitembea usiku, vikatega baruti kwenye reli kati ya Voi na Tsavo. Meli za Kiingereza zilizokuwa nje ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hazingeweza kufyatua hata risasi moja kuwazuia. Askari wachache wenye chupa za maji na vifurushi vya baruti waliitishia bandari ya Mombasa kutoka nyuma yake, kwa kuwa bandari ambayo mizigo yake haiwezi kutoka haina tofauti na bandari iliyofungwa. Ilibidi Waingereza wajenge reli nyingine ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta ili kulinda ile ya kwanza.

Upande wa pili wa mpaka, Wajerumani nao walifanya kosa la kukumbukwa. Agosti hiyohiyo ya 1914 waliogopa manowari za Kiingereza zisiingie Dar es Salaam, wakaizamisha gati yao ya kuelea kwenye mlango wa bandari. Mlango ukazibika. Lakini manowari yao kubwa pekee katika bahari hii, Königsberg, ilikuwa nje. Ikakosa pa kurudi, ikaishia kujificha kwenye delta ya Rufiji, na huko ikaangamizwa Julai 1915. Ulinzi wa bandari uliinyima bandari kazi yake ya kwanza, yaani kupokea meli.

Tanga ilikuwa kinyume chake. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuuchukua mji ambao haukuwa na ngome ya kuwazuia. Walizubaa siku ya kwanza wakijadili kama makubaliano ya kutopigana bandarini bado yapo, na wakati huo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akileta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Wapatao 1,000 waliwashinda 8,000, na nyuki waliochokozwa mashambani wakachangia vurugu. Wengi husimulia nyuki. Mimi naona reli. Tanga ilijilinda kwa sababu ilikuwa na njia ya kuleta watu kutoka nyuma, wakati Dar es Salaam, iliyoziba mlango wake wa mbele, ilijifunga yenyewe.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Singapore, na hapo kuna hadithi inayohitaji kusahihishwa. Husemwa kwamba mizinga mikubwa ya Singapore ilitazama bahari tu na haikuweza kugeuka. Mingi iliweza kugeuka. Shida ni kwamba risasi zake nyingi zilitengenezwa kutoboa chuma cha manowari, si kupasuka katikati ya askari wa miguu waliotoka msituni. Kituo cha majini kilichofunguliwa mwaka 1938 kwa gharama kubwa sana kilijengwa kwa imani kwamba manowari zitatumwa kutoka Ulaya shida ikitokea, nazo Ulaya zilikuwa na shida yao. Wajapani walishuka Kota Bharu, kaskazini kabisa ya Malaya, tarehe 8 Desemba 1941, wakateremka rasi yote kwa miguu na baiskeli. Walipoyafikia mabwawa ya maji ya kisiwa, na mabomba ya mjini yakiwa yamepasuliwa na mabomu, kamanda wa Kiingereza alikuwa na sababu moja zaidi ya kusalimu amri. Alifanya hivyo tarehe 15 Februari 1942. Maji tena, kama kisima cha Mombasa.

Hofu ya mwaka huo ilifika mpaka kwetu. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili, Admiral Somerville alihamishia Kilindini manowari zake za Bahari ya Hindi, na ghafla bandari ya mizigo ya Uganda ikawa kambi ya kundi zima la meli za vita. Mwezi Mei Waingereza wakaenda kuiteka Diego Suarez huko Madagaska, bandari ya Wafaransa yenye mizinga ya kulinda mdomo wa ghuba. Hawakupita mdomoni. Walishuka upande wa magharibi, wakavuka shingo ya nchi kavu, wakaingia mjini kwa nyuma. Halafu wao wenyewe, wakiwa wenyeji wapya, tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia ghubani zikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Aliyetoka kumfundisha mwenzake somo alilisahau ndani ya mwezi mmoja.

Sasa tuje kwenye historia yetu wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo hoja inanigusa. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa za magharibi mwa Kenya zilikuwa za Uganda kihistoria. Alikuwa akikumbusha lile jimbo la mashariki lililohamishwa mwaka 1902, na kwenye ramani ya zamani alikuwa na la kuonyesha. Jibu la Kenya halikuanzia kambini. Makuli wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Watu wenye mikokoteni na kamba walifanya kile ambacho hakuna ngome ya pwani iliyowahi kufanya: walifunga bandari kwa nchi moja tu, bila kuzuia meli za wengine. Jeshi la Uganda la wakati huo lilikuwa na vifaru na ndege za kivita, na hakuna kati ya hivyo kinachoweza kushusha kontena.

Miaka 32 baadaye tuliguswa tena, safari hii bila Uganda kumchokoza mtu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilifunga barabara, na Kibera, Nairobi, reli iling'olewa. Januari 2008 petroli ikaadimika Kampala, bei zikapaa, na matangi ya akiba ya Jinja, yaliyojengwa kwa ajili ya siku kama hizo, hayakuwa na mafuta ya kutuokoa. Bandari ya Mombasa yenyewe ilikuwa imesimama pale pale. Meli ziliendelea kutia nanga. Kilichokatika kilikuwa njia inayopita katikati ya watu wenye hasira, na hasira yao haikuwa juu yetu.

Ndiyo maana kauli ya kulinda mlango kwa silaha inanikera. Chukua manowari ngapi ungezitaka, ziweke Kilindini zote. Zingefanya nini Kibera? Zingefanya nini Naivasha, au kwenye foleni ya malori Malaba? Mlango wetu wa bahari una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na kila kilomita ina wenyewe: mwenye shamba kando ya barabara, mwenye hoteli ya madereva, afisa wa mizani, fundi wa matairi. Wakinufaika na mzigo unaopita, wataulinda. Wakiona mzigo unapita tu na vumbi linabaki kwao, hakuna jeshi la kutosha kuusindikiza.

Na tunayo pwani yetu wenyewe, ya ziwa, ambayo inatosha kutupima. Port Bell, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell, ilijengwa na wakoloni ili kuunganisha Kampala na treni ya Kisumu kwa meli. Haikujengewa ngome, kwa kuwa katika ziwa hili tishio la vita lilipita haraka: Waingereza waliivamia Bukoba Juni 1915, wakavunja kituo cha mawasiliano cha Wajerumani, na mambo yakatulia. Tishio la kweli liliingia kimya kimya. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2.5 na kufurika maeneo ya ufukweni. Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo, juu kidogo ya kile kiwango cha 1964. Watu wa Ggaba, Kasenyi na miji mingi ya uvuvi walihama nyumba zao, na mwezi uliotangulia kisiwa cha mimea kinachoelea kiliziba mitambo ya umeme Jinja, nchi nzima ikaingia gizani.

Kwenye ufukwe wa ziwa, ukuta wa bahari unaoitwa kwa Kiswahili cha kawaida mafunjo tayari upo, au ulikuwepo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na ndani ya mita hizo tumeona hoteli, maghala na mashamba ya maua. Sasa nchi inajenga bandari mpya Bukasa, katika eneo la kinamasi, ili mizigo ipite Mwanza na kufika Dar es Salaam. Naiunga mkono Bukasa kwa moyo wote, kwa kuwa njia ya pili ni ulinzi kuliko mizinga kumi. Lakini kinamasi kilichobaki kuizunguka kihesabiwe kama sehemu ya bandari, kilindwe kwa sheria na kwa bajeti ileile inayolinda gati. Kikifukiwa ili kupata viwanja vya maghala, tutajikuta tunajenga ukuta wa zege kufanya kazi ambayo mafunjo yalikuwa yakiifanya bure, na ziwa likipanda tena maji yatauzunguka ukuta huo kama Waingereza walivyoizunguka mizinga ya Diego Suarez.

Njia ya tatu inakuja kupitia Tanga, ileile iliyookolewa na treni ya Moshi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 296 tu ziko Uganda. Zilizobaki zote ziko Tanzania, hadi Chongoleani, Tanga. Maana yake ni kwamba usalama wa mafuta yetu unategemea kwa sehemu kubwa jinsi watu wa Kagera, Geita, Singida na Tanga walivyolipwa ardhi yao na wanavyolitazama bomba linalopita chini ya mashamba yao. Malalamiko ya fidia, iwe Hoima au Tanga, watu wengi huyachukulia kama habari za wanaharakati. Ni habari za ulinzi, na wizara inayoshughulikia usalama ingepaswa kuzisoma kwa makini kuliko inavyosoma taarifa za silaha.

Kuhusu haki, tunazo, na zimeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 una sehemu nzima, ibara ya 124 hadi 132, inayozipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini na uhuru wa kupitisha mizigo. Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini ulisainiwa mwaka 1985. Na hivi karibuni tumeona jinsi haki hizo zinavyofanya kazi zikitumiwa vizuri. Uganda ilipoamua kampuni yake ya taifa iagize mafuta moja kwa moja badala ya kupitia kampuni za Kenya, na kibali cha kutumia bomba la Kenya kikakwama, haikutishia mtu. Mwishoni mwa 2023 ilifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mazungumzo yakaendelea pembeni, muafaka ukapatikana, na Julai 2024 mafuta yakaanza kuja kwa utaratibu mpya kupitia bandari ileile ya Mombasa na bomba lilelile.

Ushindi huo ulistahili kusherehekewa kuliko ulivyosherehekewa. Kilichobaki sasa ni kazi isiyo na vigelegele: kuyajaza matangi ya Jinja na kuyaweka yamejaa, kujenga mengine, kumalizia barabara na gati ya Bukasa, na kuwatuma maofisa wetu Mombasa na Tanga wakae na vyama vya wafanyakazi wa bandari, si na wakuu wa bandari peke yao.